Nungu Wenye Maua

Timbwani, Likoni
14 Januari 1962

Ndugu yangu Stambuli,

Barua yako imefika ikinuka mafuta ya mashine, nasi tumeipokea hivyo hivyo kwa furaha. Mama anakujibu marahaba, na anauliza kama huko Napoli unapata wali au wanakushindisha mikate. Mimi nauliza kama umepata mchumba wa Kitaliano, maana nikimwuliza Mama aulize hilo atanirushia mwiko.

Sasa nisikilize, haya si ya kucheka. Pwani yetu imekufa. Unakumbuka yale majani ya baharini, maji yakipwa tulikuwa tukiyakanyaga mpaka mwambani, na samaki tafi wamejaa ndani kama kuku uani? Hayapo. Wamekuja nungu wa baharini, wale wa miiba, wamekuwa wengi ajabu. Tia mguu hapa, nungu. Tia pale, nungu. Wanayala majani mpaka mizizi, nyuma yao unabaki mchanga mtupu. Majani yakaondoka, tafi wakaondoka.

Jirani yetu Bi Mejumaa anasema samaki kikande ndiye aliyekuwa akiwala nungu, huwavunja kwa yale meno yake. Na kikande wetu wameishia kwenye mitego ya malema ya mume wangu na wenziwe. Nilipomwambia Sheikhan hivyo akanuna, akasema, "Kwani wewe hukuwala?" Nimewala, tena wa kupaka.

Basi Sheikhan ameyatundika malema yake, amepata kibarua bandarini Kilindini. Ana chumba Changamwe, kule Magongo, anataka tuhame. Mama hataki. Anasema hawezi kuliacha kaburi la Baba likaota magugu. Nikihama, Mama atabaki peke yake na mato yenyewe hayaoni vyema. Nikikaa, mume wangu atachoka na mimi. Tumekubaliana hivi: pwani ikitulisha mwaka huu, tunakaa, naye atavuka kila siku kwenda kazini. Isipotulisha, tunafunga virago.

Wewe unayezunguka bahari za watu, niulizie. Wao nungu wanawafanyaje?

Dadako,
Johari


Napoli
9 Februari 1962

Dada Johari,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Huku tunafunga watu wanne tu katika meli nzima, na mpishi anatuonea huruma kwa kutupikia saa saba mchana. Meli ingali chelezoni ikitengenezwa. Wenye mabavu wamepelekwa meli nyingine, sisi wa mashine tumebakizwa kuzipaka grisi, kwa hiyo barua zako zitanikuta hapa hapa.

Umeniuliza nungu wanafanywaje. Dada, wanaliwa! Wallahi sikutanii. Hapa gatini kuna mzee anaitwa Jenaro, ana kibanda na ndoo. Anamshika nungu kwa mkono mtupu, anamkata juu kwa mkasi kama mtu anayefungua dafu, ndani mna mayai ya manjano, matano, yamepangika kama nyota. Watu wanayakomba kwa mkate, mabibi waliovaa viatu vya visigino wanasimama foleni. Mimi nilionja baada ya magharibi. Yana chumvi na utamu, kama kiini cha yai kilichopitishwa baharini.

Hata watu wa huku nao wana majani yao ya baharini, marefu kama utepe. Yakifa, mawimbi huyaviringa yakawa mipira ya manyoya, watoto wanarushiana ufukoni. Jenaro analalamika kama Bi Mejumaa: samaki waliokuwa wakila nungu wamevuliwa, na mahali watu wasipookota nungu mwamba umebaki kipara. Anasema dawa ni kula.

Basi kuleni. Ukiwapunguza nungu, majani yataota, na huku nyuma mna kitoweo. Si unataka pwani ikulishe? Hiyo hapo. Chagua wa miiba mifupi, wazito. Wa miiba mirefu waache, hawana kitu ndani.

Mwambie Mama wali napata, ila unapikwa kama uji.

Nduguyo,
Stambuli


Timbwani
6 Mei 1962

Stambuli, ewe mwanamume wa mabahari,

Kaa chini ndipo usome. Tunawala!

Mwanzo Mama alipiga kelele, nimlishe kiwavi cha baharini uzeeni! Akasema nimwulize kwanza mwalimu wa chuoni kama ni halali. Nikaenda. Akafikiri, akasema cha baharini ni halali, lakini yeye binafsi asikaribishwe. Basi nikapika kwa tui, pilipili mbichi na ndimu, nikaweka kimya juu ya wali. Mama akala, akanyoosha sahani tena. Nilipomwambia amekula nini alininunia mpaka isha, kisha akauliza kama kimebaki.

Sasa maji yakipwa tunatoka wanawake wa mtaa mzima, na vikapu. Bi Mejumaa anakuja pia, ila anasema anakuja kunichunga mimi. Sheikhan alidhani nimeingiwa na wazimu, lakini juzi alibeba bakuli akaenda nalo kazini, na makuli wenziwe wakalipigania. Habari za Magongo hazitaji siku hizi. Na jambo hili ndilo lililonitoa machozi: pale tulipookota zaidi, karibu na lile jiwe Baba alilokuwa akikaa kuvua, yameanza kuchipua majani, mafupi, mabichi. Nikakaa nikayashika kama mtoto.

Lakini niulizie jambo moja. Kuna nungu wengine, si wengi, wamejificha pale kwenye majani yaliyobakia. Miiba yao haionekani. Juu wamejaa vijikombe vidogo vilivyofunguka kama maua, vyekundu hafifu, pembeni vyeupe. Stambuli, wazuri! Ungewaona ungesema ni kanga mpya. Bi Mejumaa hataki hata nisogee. Nikimwuliza kwa nini, anasema, "Bibi yangu alinikataza." Na bibi yake kwa nini? "Alikatazwa na bibi yake." Sasa huo ni ushahidi? Mwulize huyo mzee wako. Wale wa kawaida tumeanza kuwamaliza hapa karibu, na sitaki kwenda mbali.

Dadako,
Johari


Napoli
24 Mei 1962

Dada Johari,

Barua yako nimeisoma kwa sauti, nikiifasiri kwa wenzangu, mpaka mpishi akaja kusikiliza. Pale Mama aliponyoosha sahani tena tulicheka tukashika mbavu.

Nimemwuliza Jenaro. Kitaliano changu ni cha mikono zaidi, lakini tulielewana. Yeye anasema, na wavuvi wote wa hapa wanasema hivyo, kwamba nungu weusi ni madume, hawana faida, na wenye rangi ndio majike. Ndio wenye mayai. Nikamweleza hao wako wenye maua, nikamwonyesha maua kwenye gauni la mama mmoja aliyepita, nusura mama yule anipige mkoba. Jenaro akacheka, akabusu vidole vyake, akasema, "Majike! Majike!"

Basi usihangaike na makatazo ya Bi Mejumaa. Namheshimu, kisigino changu alikitoa mwiba yeye, lakini watu wa zamani waliogopa kila kitu. Hata hawa wa kawaida si mliwaogopa? Washike kwa mkono, maadamu hawana miiba ya kuchoma ni rahisi zaidi. Kisha uniandikie ladha yake, nimtambie Jenaro.

Meli itashushwa majini Septemba. Inshallah Desemba nitakuwa Likoni, unipikie mwenyewe.

Nduguyo,
Stambuli


Timbwani
23 Juni 1962

Kwa mwanangu Stambuli,

Naandikiwa na shemeji yako Sheikhan, maneno ni yangu.

Mwanangu, jikaze. Dadako Johari ametutangulia mbele ya haki. Alishikwa na homa siku ya Jumatatu, ikapanda ghafla, na Jumanne alasiri akakata roho. Hakuteseka. Alikuwa kitandani mwangu, amelala kwa ubavu wa kulia, na mkono wake nilikuwa nimeushika mimi. Alikutaja. Alisema nikusalimie.

Nimemwosha mwenyewe kwa mikono yangu. Tumemzika karibu na babako. Watu walikuja wengi, hata wa Utange, Shangazi yako Barke alilala hapa siku zote za matanga.

Usiache kazi ukaja mbio, hakuna cha kuwahi. Msomee Qurani. Wala usijiulize mambo mengi, homa ni homa, huchukua hata wenye nguvu.

Mimi nipo. Sheikhan hajanitupa.

Mamako,
Dhahabu


Napoli
9 Julai 1962

Mama yangu,

Shikamoo. Barua nimeipata. Siku mbili sikuweza kushika kalamu, na hata sasa naandika nikifuta. Johari alinibeba mgongoni kwenda chuoni. Nikimkumbuka namsikia akinicheka, na hicho ndicho kinachoniumiza, kwamba katika dunia nzima aliyekuwa akinicheka vile ni yeye tu.

Nashukuru kwamba alikuwa mikononi mwako. Kwa kitu kimoja najifariji: mwaka wake wa mwisho alikuwa na furaha. Aliniandikia majani yameanza kuchipua. Mimi niliyeko mbali, angalau nilimpa hilo la nungu.

Kwa hiyo nimeamua kazi yake isife. Nimemwandikia Shangazi Barke huko Utange, nikamweleza yote, namna ya kuokota na kupika, na hasa nimemsisitizia wale wenye maua, kwamba ndio majike na ndio bora, kwa vile nadhani Johari hakuwahi kuwajaribu. Na mabaharia wenzangu watatu, mmoja wa Vanga, mmoja wa Faza, mmoja wa Pemba, kwao nako majani yanaliwa na nungu vivyo hivyo. Wamesema wataandika nyumbani wanawake waanze. Nimewaambia waiite kazi ya Johari.

Nakubusu mikono.

Mwanao,
Stambuli


Mtongwe
25 Julai 1962

Shemeji Stambuli,

Assalaam alaykum. Barua hii naiandikia kwa kaka yangu, Mama asijue. Barua yako kwake nilimsomea, ila pale ulipofika Utange nikaruka, nikasoma salamu za mwisho. Kisha nikatoka nje.

Hapakuwa na homa.

Ilikuwa Jumanne ya bamvua, maji yamekwenda mbali. Mimi nilikuwa kazini, haya nimeyapata kwa Bi Mejumaa, na Bi Mejumaa haongezi neno. Johari aliwakuta nungu wenye maua penye majani, upande wa mbali kabisa, maji ya kiunoni. Bi Mejumaa akamkataza. Johari akacheka, akasema, "Stambuli kaniulizia, hawa ndio majike." Kikapu kilikuwa kimejaa, akawa anawaokota kwa mikono na kuwakumbatia kifuani. Vile vijikombe si maua, shemeji. Vinauma, na vina sumu. Muda si muda akasema midomo yake imekufa ganzi, akaicheka midomo yake mwenyewe. Kisha akasema miguu haimtii. Akakaa ndani ya maji. Wenziwe wakadhani anajisafisha mchanga. Walipomfikia walimkuta uso umo majini, na yale maji mtu mzima akisimama yanamfika kiuno tu.

Mama ndiye aliyemwosha. Aliona alama viganjani na kifuani. Wajua sheria yetu, aliyeosha maiti hasemi alichokiona. Alitoka pale chumbani akaniita, akasema, "Mtoto wangu mmoja nimemzika. Huyu wa pili akijua, nitakuwa nimezika wawili. Andika homa." Nikaandika. Mkono wangu ndio ulioandika, kitandani, ubavu wa kulia, vyote. Bi Mejumaa na wanawake wa mtaa aliwaapisha kwa msahafu wasiseme mbele ya mtu yeyote atokaye nje, ndiyo sababu hata Shangazi Barke aliondoka matangani na habari za homa.

Ningekaa kimya mpaka kaburini. Lakini uliposema Utange, nilivuka nikaenda siku hiyo hiyo. Barua yako ilikuwa imefika. Shangazi Barke alikuwa amekwisha waita wanawake, vikapu viko mlangoni, wanangoja bamvua ya mwisho wa mwezi. Nikawaambia wasiwaguse wenye maua. Wakauliza kwa nini, nikasema wana sumu, Stambuli amekosea. Shangazi alinitazama sana. Nadhani alifahamu.

Utange nimepawahi. Vanga, Faza na Pemba siwajui watu wako, unawajua wewe. Ndiyo maana nimevunja amri ya Mama. Wazuie, shemeji. Leo hii.

Sitakuficha, kuna siku nilikuchukia. Nilikaa kizingitini nikajisemea, alikuwa na haja gani huyu kujua kila kitu? Kisha nikakumbuka kwamba kama si malema yangu nungu wasingejaa, na kama si Magongo yangu asingefika upande ule. Na yeye mwenyewe alipenda kujua. Sasa sikuchukii. Nakosa usingizi tu, kama wewe utakavyokosa.

Samahani kwa mkono wangu huu, ulioandika ile ya kwanza na hii pia.

Sheikhan


Napoli
6 Agosti 1962

Sheikhan,

Umefanya haki. Siku niliyopokea barua yako niliwaendea wale watu mmoja mmoja. Wa Vanga alikuwa hajaandika. Wa Faza alikuwa ameandika, amepeleka telegramu mbele yangu, na mkewe amejibu kwamba hawajagusa kitu. Wa Pemba amehama, yuko meli nyingine iliyokwenda Marsei. Nimempelekea telegramu mbili. Hajajibu. Kila asubuhi naenda ofisi ya wakala kuuliza, wamenichoka.

Nilimwendea Jenaro pia. Sijui nilitaka nimfanyeje. Nilipofika alikuwa anawakatia watu nungu kwa mkasi wake, akanisalimia kwa furaha. Nikamweleza kwa mikono. Alipofahamu aliweka mkasi chini, akavua kofia. Akasema baharini kwao wenye maua hawapo, hakuwahi kuwaona maishani mwake. Alidhani nazungumzia wa rangi ya zambarau. Basi tukasimama pale wawili, kila mmoja na bahari yake.

Mimi nilijibu swali ambalo sikulijua, Sheikhan, kwa sababu niliona raha kujua. Hilo nitakaa nalo.

Ombi langu ni moja. Mama asijue kwamba najua. Alichukua mzigo ule peke yake kwa ajili yangu, na akiambiwa umeanguka bure, hataweza kuinuka. Ndani ya bahasha hii mna barua yake. Msomee taratibu, na usiruke neno.

Stambuli


Napoli
6 Agosti 1962

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimetulia sasa, usiwe na wasiwasi. Kazi inaendelea, na wali wa huku nimeuzoea.

Nimefikiri juu ya wale nungu, nikaona nilisema mengi kuliko ninayoyajua. Waacheni, hasa wenye maua. Sheikhan atawaambia watu wa mtaani, na Shangazi Barke nimekwisha mwandikia. Mkipenda kula, kuleni wale wa kawaida, na Bi Mejumaa awachagulie yeye. Mwambie nimesema hivyo, na umpe mkono wangu.

Mama, naisoma barua yako kila siku. Ile ya kwamba alikuwa kitandani mwako, na mkono wake umeushika. Wapo watu huku baharini ndugu zao wamekufa mbali, mahali baya, bila mtu wa kuwashika. Mimi nashukuru wangu hakufa hivyo. Usiku nikikosa usingizi natazama ndani ya kichwa changu, namwona amelala kwa ubavu wa kulia, nawe uko kando yake, na mlango umefunguliwa upepo upite. Nalala.

Wewe pia ulale. Usikae ukijiuliza kama ulifanya vyema au vibaya. Hakuna mama aliyemfanyia mwanawe vyema zaidi ya hivyo.

Nitakuja Desemba, inshallah. Wala sitakuuliza kitu. Ilikuwa homa, Mama, nami nimeamini.

Mwanao,
Stambuli